Khutba ya Ijumaa: Kumsaidia Fundi Aliyeunguliwa na Moto

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu akamtukuza kwa akili na kumfunza kazi ya mkono. Aliyemlainishia Nabii Daudi chuma, na aliyemwamrisha Nabii Nuhu kuunda jahazi. Tunashuhudia ya kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye, na tunashuhudia ya kwamba Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehma na amani zimshukie yeye, jamaa zake, sahaba zake, na wote wanaofuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. Enyi Waislamu mliohudhuria, nanyi ndugu wasikilizaji mlioko majumbani na safarini, tunaziusia nafsi zetu kwanza, kisha tunakuusieni nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Na katika kumcha Mungu ni kuchunga haki ya jirani pindi anapopatwa na msiba.

Khutba yetu ya leo inahusu msiba mmoja tunaoufahamu sote, nao ni moto. Na mtu mmoja ambaye moto humdhuru kuliko wengine, naye ni fundi wa kazi ya mkono.

Moto ukiteketeza nyumba ya mwenye mshahara, mwisho wa mwezi mshahara wake huja. Ukiteketeza nyumba ya mkulima, huzuni ni kubwa, lakini shamba limebaki mahali pake na jembe huazimwa kwa jirani. Ama fundi ambaye chumba chake cha kulala na karakana yake viko chini ya paa moja, usiku mmoja hupoteza mambo manne: pa kulala, pa kufanyia kazi, vyombo vya kazi, na mali za watu alizowekewa. Kulipokucha asubuhi, mtu huyo ni maskini na ni mdaiwa kwa wakati mmoja.

Na mafundi wa namna hii ndio walio wengi katika mji wetu wa Mpanda na katika mkoa mzima wa Katavi. Tembeeni Makanyagio, Majengo au Kawajense, mtasikia randa na msumeno nyuma ya nyumba za watu. Nendeni pande za Inyonga, kwa ndugu zetu Wakonongo, mtawakuta warina asali na wachongaji wa mizinga, kazi waliyoirithi kwa babu zao. Nendeni kwa Wapimbwe na Wabende, mtakuta akina mama wafinyanzi, na wasusi wa mikeka na vikapu. Na wale ndugu zetu waliokuja kutoka Burundi mwaka 1972, wakakaa Katumba na baadaye Mishamo, na wengi wao leo ni raia wenzetu, nao wana mafundi wao. Vitanda tunavyolalia, milango tunayofunga usiku, vyungu tunavyopikia, hata jeneza la msikiti tutakalochukuliwa nalo kesho, vimetoka katika mikono ya watu hawa.

Ndugu Waislamu, tutakuelezeni jambo lililotupata sisi wenyewe, na ndani yake mna aibu yetu. Kiangazi kimoja, wakati nyasi zimekauka na upepo unavuma, nyumba ya fundi seremala mmoja hapa mjini iliungua usiku pamoja na karakana yake. Mzee huyo ni mwenyeji wa asili wa mkoa huu, na si wa dini yetu. Mwenyezi Mungu alimwokoa yeye, mkewe na wajukuu. Lakini mbao za mninga zilizokuwa zimepangwa ukutani ziliwaka mpaka alfajiri.

Watu wa mtaa walifanya wema, Mungu awalipe. Walileta unga, maharage, mashuka, kanga na sufuria. Siku ya saba tulikwenda kumpa pole, tukamkuta amekaa kwenye jivu mbele ya rundo la vyuma vyeusi. Tukamuuliza, "Mzee wetu, ni kitu gani kilichopungua?" Akatujibu, "Shehe, chakula nimekula, nawashukuru. Lakini mikono yangu imelala tangu siku ile."

Kisha akanyamaza kidogo, akasema kwa haya, "Na lile kabati la msikiti, Shehe, nililikuwa nimelimaliza. Lilikuwa linangoja vanishi tu."

Hapo tulifahamu. Msikiti wetu ulikuwa umemwagizia kabati la kuwekea Misahafu, na fedha za awali tulikwisha kumpa. Na kumbe siku mbili kabla ya sisi kufika, watu wa kamati yetu walikwisha kupita hapo kuulizia fedha hizo. Sisi tuliokwenda kumpa pole tulikuwa miongoni mwa waliomdai!

Basi tulirudi nyumbani tukajiuliza: Sharia yasemaje juu ya mtu huyu? Na tulipofungua vitabu tulikuta ya kwamba dini yetu imekwisha kumwangalia fundi huyu kabla yetu, na kumwangalia kwa makini.

Jambo la kwanza ni haki yake ya kusaidiwa. Imamu Muslim amepokea kwa Sahaba Kabisa bin Mukharik kwamba Mtume, rehma na amani zimshukie, aliwataja watu watatu tu walio halali kuomba. Mmoja wao ni mtu aliyepatwa na janga likafagia mali yake. Huyo ni halali kwake kuomba mpaka apate kitu cha kusimamishia maisha yake. Ziangalieni vyema hizo shabaha za Mtume. Mpaka wa msaada haukuwekwa kwenye kushiba siku tatu, wala siku saba. Umewekwa pale mtu anaposimama tena kwa miguu yake. Na fundi husimama kwa vyombo vyake.

Na kwa sababu hiyo Imamu Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, sawa na 1277, ameeleza katika kitabu chake Al-Majmuu ya kwamba fundi aliye fakiri hupewa katika mali ya zaka kiasi cha kununulia vyombo vya ufundi wake, iwe thamani yake ni ndogo au ni kubwa. Basi anayedhani kwamba zaka ni kibaba cha mchele tu, na amrejee Imamu wake.

Jambo la pili ni namna ya kusaidia. Abu Daudi amepokea kwa Anas habari ya mtu mmoja wa Ansari aliyekuja kwa Mtume kuomba. Mtume akamuuliza kama ana kitu chochote nyumbani. Akasema ana nguo moja nzito, nusu huivaa na nusu huitandika, na chombo cha kunywea maji. Mtume akaagiza viletwe, akavinadi mbele ya watu, vikauzwa kwa dirham mbili. Akampa zile dirham, akamwambia moja anunulie chakula cha watu wake, na ya pili anunue shoka alilete. Alipolileta, Mtume alilitia mpini kwa mkono wake mwenyewe mtukufu, akamtuma akakate kuni auze, asionekane kwa siku kumi na tano. Yule mtu akarudi na dirham kumi, amenunua nguo na chakula.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tuuangalie mpini huo. Mtume alikuwa kiongozi wa umma, ana mambo ya vita na ya amani, ana wajumbe wanaomngojea. Lakini alishika kijiti kwa mkono wake, akakipachika katika shoka la mtu asiyejulikana jina. Na dirham alizigawa mafungu mawili: moja ya tumbo, moja ya kazi. Sisi watu wa leo tukitoa, hutoa dirham ya tumbo peke yake, tukadhani tumekwisha. Ile ya shoka tumeisahau.

Na katika Hadithi ya Abu Dharr, walipokuwa wakitajwa wema ulio bora, Mtume alihesabu pamoja na imani na jihadi na kuacha huru watumwa, kumsaidia mwenye kazi yake ya ufundi. Na katika Sura ya Al-Maaun, Mwenyezi Mungu amewalaumu wanaosali huku wakiwanyima wenzao maaun. Sahaba Ibn Masud alipolifasiri neno hilo alitaja vitu ambavyo watu huazimana: shoka, chungu na ndoo. Basi mwenye msumeno wa ziada nyumbani, umening'inia ukutani unashika kutu, na jirani yake fundi mikono imelala, na aisome sura hiyo tena.

Jambo la tatu ni madeni. Hapa wengi wetu hukosea. Mteja aliyempelekea fundi mbao zake ili atengenezewe kitanda, na mbao zikaungua pasipo uzembe wa fundi, kwa kauli iliyo na nguvu katika madhehebu yetu hana haki ya kumdai; kwani mali ile ilikuwa amana mikononi mwake. Ama aliyempa fedha za awali na kazi haikukabidhiwa, fedha hizo ni deni, na fundi hana budi kuzilipa. Lakini Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Al-Bakara, aya ya 280, tumngoje mdaiwa aliye katika dhiki mpaka apate nafasi, na akatujulisha ya kwamba kumsamehe kabisa ndiyo heri kubwa zaidi kwetu.

Hivyo kwenda kwa mtu aliyekaa kwenye jivu ukamtaka fedha zako ni kosa mbele ya Mungu, hata kama fedha ni zako. Nasi tulilifanya kosa hilo. Fedha za kabati zilikuwa za wakfu, na msimamizi wa wakfu hana ruhusa ya kusamehe mali isiyokuwa yake. Tuliyoyaweza ni mawili: kumpa muda, ambao ni wajibu, na kuchangishana mifukoni mwetu tukaurudishia wakfu haki yake. Kisha tukamwendea mzee, tukamwomba radhi.

Na asiyengojewa na wadai wake huwenda wapi? Huenda kwa wale wakopeshaji ambao watu wenyewe wameipa mikopo yao jina la "kausha damu". Hukopa kidogo asubuhi ili alipe wadai, na jioni riba imempita kimo. Kila mtu anayemkimbiza fundi kwa deni, anamsukuma kwenye mlango wa riba. Na dhambi ya riba tunaijua.

Nasema kauli yangu hii, nami namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu kwa wingi wa neema zake. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu.

Ndugu Waislamu, huenda mtu akauliza: fundi huyo si wa dini yetu, je, yatuhusu? Jibu ni kwamba yatuhusu. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Mumtahina, aya ya 8, hakutukataza kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Katika madhehebu yetu zaka ya faradhi hupewa Waislamu wanaostahiki. Lakini mlango wa sadaka u wazi kwa kila jirani. Mzee yule alikuwa akitutengenezea mabenchi ya madrasa tangu mbao zilipokuwa za bei rahisi. Wema haulipwi ila kwa wema.

Na mtu mwingine husema: mafundi ni wengi, huyu akiacha kazi atapatikana mwingine. Ndugu zetu, ufundi wa asili hauuzwi dukani. Jirani zetu Wafipa, huko Rukwa, walikuwa wakiyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo, zipitazo kimo cha mtu, walizoziita malungu. Yalipoenea majembe ya viwandani, tanuri zile zikazimika, na wazee waliojua siri yake wakaondoka mmoja mmoja. Na huko Uganda, makaburi ya wafalme wa Buganda yaliyoko Kasubi yaliungua tarehe 16 Machi 2010. Mpaka mwaka 2023 ndipo UNESCO ilipoyaondoa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kuyajenga upya hakukuwa jambo la fedha peke yake. Kulihitaji watu wanaojua kuezeka nyasi kwa kanuni za wazee wao. Lau watu hao wasingekuwako, fedha ingejenga kitu kingine.

Tena moto ukiunguza soko kubwa, nchi nzima husikia. Soko la Kariakoo lilipoungua tarehe 10 Julai 2021, na la Karume tarehe 16 Januari 2022, kamati za uchunguzi ziliundwa na magazeti yaliandika. Lakini nyumba moja ikiungua Kawajense, hapana kamati wala gazeti. Kamati yake ni majirani. Na jirani asipokwenda, hapana atakayekwenda.

Sasa tusikilize nini kilichofanyika, ili tupate la kufuata. Yale mavyuma meusi tuliyoyaona kwenye jivu yalikuwa ni patasi, tezo, nyundo na vyuma vya randa. Mipini yote ilikuwa imeungua, na chuma kilikuwa kimelegea, kwani chuma kikiungua ovyo hupoteza ugumu wake. Tulidhani ni takataka. Lakini mhunzi mmoja wa mtaa wa pili aliviangalia akasema vingine vyaponyeka. Akavichukua kwenye mivukuto yake, akavipasha moto kwa kipimo, akavichovya majini, vikarudi kuwa vigumu. Moto ule ule uliovilegeza ndio uliovikaza, ulipokuwa katika mikono ya mwenye kujua. Vijana wa madrasa wakachonga mipini. Msumeno na jiriwa vikanunuliwa kwa sadaka ya Ijumaa mbili. Banda la miti na bati chache likasimamishwa, mbali na chumba cha kulala. Kazi ya kwanza aliyoimaliza mzee, kabla ya kitanda chake mwenyewe, ilikuwa lile kabati la Misahafu. Nalo liko msikitini hata leo.

Basi tunakuusieni mambo haya. Mosi, fundi akiunguliwa, muulizeni mwenyewe ni chombo gani kimepotea, mkiandike kimoja kimoja, na kila mtu achukue kimoja. Pili, wadai wake wakae pamoja wakubaliane muda, wasimwendee mmoja mmoja. Tatu, mwongozeni kwenye milango iliyo halali. Liko SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo. Na iko mikopo ya halmashauri isiyokuwa na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo mafundi wanaoanza upya waweza kuifuata kwa vikundi. Nne, msimsaidie kwa haramu. Mninga uliokatwa katika hifadhi pasipo kibali ni mali ya wizi, na sadaka ya wizi haipokelewi.

Tano, msitafute mchawi. Mara nyingi moto ukitokea, badala ya kuulizwa jiko liliachwa wapi, huulizwa ni nani anayemhusudu. Na kidole humwangukia bibi kizee mwenye macho mekundu, ambaye macho yake yameharibiwa na moshi wa kuni alizowapikia watoto wetu. Kumwaga damu ya mtu kwa dhana ni dhambi kubwa isiyofidiwa na nyumba yoyote.

Sita, jihadharini kabla ya msiba. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Musa kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku na watu wake wamo ndani. Mtume alipoelezwa, aliwajulisha watu ya kwamba moto ni adui yao, akawaamrisha wauzime wanapolala. Basi, enyi mafundi, zoeni maranda kila jioni. Vanishi na gundi visikae karibu na jiko wala taa ya mafuta. Wekeni ndoo za mchanga mlangoni. Msilale na watoto pamoja na mbao kavu. Na kila mtu aihifadhi namba ya Zimamoto na Uokoaji, nayo ni 114, aipige upesi bila kungoja moto ukue.

Ndugu Waislamu, tukitoka hapa, kila mmoja na aangalie nyumbani kwake. Huenda liko shoka lisilokuwa na kazi. Huenda liko deni la fundi ambalo tukilingoja Mungu naye atatungoja. Na huenda uko mpini mmoja tu wa kuchongwa, ambao kwao mtu atasimama.

Ewe Mola wetu, uwarehemu walioteketea kwa moto, na uwape subira waliobaki. Uwarejeshee waliopoteza kilicho bora kuliko walichopoteza. Uwabariki mafundi wetu katika mikono yao, watoto wao na mapato yao. Utuepushe na riba, na dhulma, na ubahili wa kunyimana vyombo. Uujalie mkoa wetu na nchi yetu amani. Ututakabalie, hakika Wewe ni Msikivu, Mjuzi. Amin.

Simamisheni Sala.